Kilo Sitini za Rosebella

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, ndege ya abiria kumi na wanane ilitua katika kiwanja kidogo cha Kakamega saa tisa na dakika arobaini alasiri, nayo ilipaswa kuruka saa kumi na dakika ishirini na tano. Katika dakika hizo arobaini na tano, Jael Makhanu alikuwa na kazi moja: kupima kila kitakachopanda, awe mtu, mkoba au kuku, na kuandika uzito wake bila kukosea. Kwa miaka mitatu hakuwa amekosea. Kwa miaka mitatu pia hakuwa amepanda.

Siku hiyo kiti kimoja kilikuwa wazi. Kampuni ilitafuta mhudumu wa ndege, na Alhamisi iliyotangulia rubani alikuwa amesema kwamba mfanyakazi mmoja wa kiwanjani angebebwa hadi Nairobi kusailiwa, mradi yeye na mzigo wake wasipite kilo sitini. Jael alikuwa na sitini na nne. Alijua, kwani alijipima kila asubuhi kabla wenzake hawajafika. Rosebella, mkata tiketi aliyeajiriwa miezi minne tu iliyopita, alikuwa na hamsini na saba, na kila mchana alimaliza sahani mbili za obusuma, ugali wa kwao, mbele ya Jael bila kunenepa hata kidole.

Wivu ulimkwama Jael kooni kama mwiba wa samaki. Rosebella alikuwa amemwomba asimwambie mtu kwamba ndiye atakayesafiri, hasa watu wa kwao Kabras, maana aliwajua. Jael aliahidi. Jumapili, baada ya ibada, akampasha mama yake Rosebella habari kwa sauti ya upole kabisa. Alijua kwamba mama wa huko hamsindikizi mwana mikono mitupu, na kwamba kuku wa safari hakataliwi. Kumkataa ni kumkataa aliyekupa.

Saa kumi kasoro dakika tano mama alifika na shangazi wawili na kuku watatu waliofungwa miguu. Rosebella aliwatazama kama mtu anayeona mvua ikizijia nguo alizoanika. Akapanda mizani nao. Mshale ukapita sitini, ukatulia kwenye sitini na nne, uzito wa Jael kamili. Rubani akatazama saa, akasema ama kuku wabaki, ama Rosebella.

Jael alikuwa karibu kutabasamu mama alipomchukua kuku mnono kuliko wote, akamtia Jael mikononi.

“Huyu ni wako, mwanangu. Bila wewe tungejulia wapi?”

Rosebella akageuka polepole. “Kumbe ni dada Jael. Nami nilidhani ni upepo.”

Shangazi mmoja akacheka. Uso wa Jael ukawaka, wala hakuweza kumkataa kuku yule. Akasema kwa taabu, “Wapokee wengine kwa mkono wako, Rosebella. Ukishawapokea, niachie nikufugie.”

Mama akaridhika, kwani kuku aliyekwisha kupokewa hulala popote.

“Lakini usiwale, dada,” Rosebella akasema. “Mdomo wako nimeshaujua.”

Ndege iliruka kwa wakati wake. Jael hakupunga mkono. Mikono yake ilijaa kuku.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Machi 1996, Rosebella alishuka kutoka ndege hiyohiyo akiwa amevaa sare ya mhudumu, na kwa kuwa wahudumu nao hupimwa, Jael aliandika kilo sitini na sita, kwa tarakimu kubwa kidogo kuliko kawaida yake.