Alasiri Tuliyonyamaza

Juzi nilirudi Kalemie, nikapita mbele ya hospitali alikolazwa mdogo wangu zamani. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya ndagala, wale dagaa wa kwetu wanaoanikwa mchangani, nikasimama. Rafiki yangu, kuna harufu zinazokurudisha utotoni bila hata kubisha hodi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kichwa kimevimba kwa masomo. Mwalimu wetu wa biolojia alituambia tukawasikilize wanawake watatu wakitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Kesho yake akauliza, "Ule mudundo unakaa mu muchi gani?" Tukataja huu na ule, naye akacheka: "Haukai mu muchi hata moja. Unatokea tu wakitwanga pamoja. Na akili ya muntu njo vile: chembe moja ya ubongo, peke yake, haijui kitu." Ah, nilivyofurahi! Wiki nzima niliwachosha watu wa nyumbani, mpaka bibi yetu, tuliyemwita Nkambo, akanitania kwamba nimekuwa padri wa ubongo.

Kisha malaria ikampanda mdogo wangu kichwani. Alikuwa na miaka sita. Akawa amelala tu, macho nusu wazi, hashtuki hata akifinywa. Kwetu mgonjwa wa namna hiyo huitwa jina bila kukoma, watu wakipokezana kitandani, asije akasahau njia ya kurudi. Bibi hakukubali kupokezwa. Siku mbili alimwita, akamsimulia habari za bata wake, akamgombeza kwa gauni alilochana, mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya tatu, alasiri, nikamwonea huruma. Nikasema kwa ujuzi wangu wote, "Nkambo, pumuzika. Hayuko tena mule. Ubongo ikizimika, hakuna muntu wa kukusikia."

Bibi alinitazama sana. Hakuwahi kukaa darasani, na daftari zangu alikuwa akizifuta vumbi kama vitabu vya sala. Akafunga mdomo. Tukakaa kimya hadi jua likashuka.

Asubuhi mdogo wangu alifumbua macho, akaomba maji. Bibi akapiga vigelegele kwa sauti yake iliyokauka. Mtoto akamgeukia. "Nkambo, nilikuwa nakusikia. Juu ya nini ulinyamaza? Nilikutafuta, nikaogopa."

Mchana homa ilirudi kwa nguvu. Tulimwita sote, hata mimi, na safari hii hakuitika. Kesho yake tulimzika.

Bibi hakunilaumu hata mara moja, mpaka naye akafa. Laiti angenitukana. Mwalimu pia hakukosea. Lile la kwamba hakuna wa kusikia niliongeza mwenyewe. Leo ninafundisha falsafa, na ninajua kwamba hata mabingwa bado wanabishana akili inaanzia wapi na inakomea wapi. Siku hizi ndugu wa wagonjwa wanaambiwa wangoje nje, na ile sauti ya kuita haipo tena wodini. Zamani ilikuwepo, nami niliizima, na mtoto alikuwa humo ndani, peke yake, akingoja tuseme neno.