Kunguru wa Mlimani na Kahawa ya Shemeji

Kwetu, mtu mzima hatembei tu. Anakwenda mahali. Ukikutana na mtu kwenye kijia kati ya migomba, salamu ya kwanza ni ya afya na ya pili ni ya safari: unatoka wapi, unakwenda wapi, kuna nini huko. Si umbea. Ni namna ya kukuangalia usipotee. Mzungu akipanda Mlima Meru na viatu vyake vya misumari, akashuka pua imebabuka, watu humwona ana wazimu wa kwao, wakampisha. Lakini Mwafrika mwenye miwani, aliyesomeshwa hadi chuo kikuu kule Kampala kwa kahawa ya baba yake, hana haki ya wazimu huo. Lazima awe na shughuli.

Mimi shughuli sikuwa nayo. Nilikuwa mwalimu mjini, kitambi ndiyo kwanza kinaanza, na kila Jumamosi niliyoweza nilitoka nyumbani, juu ya Sekei, kabla ya jua. Nilipita msituni hadi pale miti inapokoma na mlima unapobaki na manyasi magumu yaliyoota mafungu mafungu, vichaka vinavyoning'iniza ndevu za kijivu, na upepo. Nilikwenda kumwona kunguru.

Nimeiandika sentensi hiyo haraka ili nisipate nafasi ya kuifuta.

Hakuwa kunguru wa sokoni. Wa juu kule ni mkubwa kama jogoo, mweusi mwili mzima, ila kisogoni ana baka jeupe, kama mchungaji aliyevaa kola yake kinyume. Nilimwona mara ya kwanza mwaka aliofariki baba. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikila ndizi za kuchoma. Akatua karibu, akaanza kutembea kwenda na kurudi, mabega juu, kichwa chini, kama mzee anayesubiri wengine wamalize upuuzi wao ili aseme neno. Baba alitembea hivyo hivyo. Sikusema moyoni kwamba yule ni baba. Mimi ni Mlutheri, na isitoshe nimefundishwa elimu ya wanyama. Lakini nilisimama, nikavua kofia.

Tangu siku hiyo tulizoeana, au nilidhani hivyo. Nilipotembea ukingoni alinifuata juu kwa juu, chini sana, hadi nikasikia manyoya yake yakikwaruza hewa. Nilizungumza naye Kimeru. Kanisani, tangu mazishi, nilikuwa naimba kwa mdomo tu. Kule juu, kunguru alipoinamisha kichwa na kunitazama kwa jicho moja, nilijiona nimeulizwa jambo, na nimeruhusiwa kuchelewa kujibu. Chuoni tulifundishwa kuzitilia shaka sentensi za namna hii. Niliitilia shaka sentensi yangu njia nzima nikishuka, na Jumamosi iliyofuata nikapanda tena.

Tatizo lilikuwa njia ya kwenda. Nilichoka kujibu "natembea tu" na kuona wanawake wakitazamana kwa huruma. Basi nikaanza kuning'iniza kamba begani. Mwanamume mwenye kamba haulizwi sana. Nilijivunia hila hiyo kuliko shahada yangu. Sikufikiri kwamba kamba nayo husema. Mwanamke akienda nayo msituni anafuata kuni. Mwanamume akienda nayo, amepotelewa na ng'ombe.

Nami nilikuwa na ng'ombe mmoja, mtamba ambaye hajazaa bado, aliyelelewa kwa rafiki upande wa Ngaramtoni. Watu wote walijua kwamba aliwahi kutoroka akikatiza msitu ili arudi alikozaliwa. Walijua pia kwamba msitu ni wa serikali. Ng'ombe akikamatwa humo na askari wa msitu hupelekwa boma la serikali, na mwenyewe humfuata huko kujibu mashtaka. Kwa hiyo ng'ombe akipotelea msituni, majirani hawangoji kuombwa. Huacha walichoshika, wakapanda kimya kimya.

Ilikuwa msimu wa kuchuma. Jumamosi hiyo nilimkuta dada yangu pembeni mwa shamba lao, kikapu cha kahawa nyekundu kiunoni.

"Kamba tena, kaka?"

"Nafika juu mara moja," nikasema, nikaongeza mwendo, kwa aibu ya kuulizwa.

Yeye aliona kamba, akaona haraka, akaweka kikapu chini na kwenda kumwita mume wake.

Shemeji alikuwa na madebe yamejaa. Mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa ya majirani wote, na mchana huo zamu ilikuwa yake. Kahawa mbivu ikilala bila kumenywa huchacha, na harufu yake haitoki. Binti yao alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni, na shemeji alikuwa akitegemea kupata ada yote kwenye kahawa ile, kama tu ingepokelewa daraja la kwanza. Aliyafunika madebe kwa majani ya migomba, akaiachia zamu nyumba ya pili, akachukua fimbo.

Juu, ukungu ulikuwa umeshuka. Kunguru alikuwa amesimama mbele yangu, nami nilikuwa namweleza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba msalaba wa kaburi la baba umeinama na sijaurekebisha. Nikasikia watu wanahema. Wanaume wanne wakatokea kwenye ukungu, wamelowa hadi kiunoni: shemeji mbele, majirani wawili, na nyuma kabisa mzee wa kanisa letu, ameshika kifua chake kibovu.

"Yuko wapi?" shemeji akanong'ona.

"Huyu hapa," nikasema.

Walimtazama kunguru.

"Mtamba, shemeji. Mtamba yuko wapi?"

"Yuko Ngaramtoni. Hajapotea."

"Na kamba?"

"Naibeba tu."

"Ya kubebea nini?"

"Kubeba hiyo kamba yenyewe."

Jirani mmoja alikaa kwenye manyasi akacheka hadi akapaliwa. Mwenzake hakucheka. Mzee wa kanisa alisogea.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Ulikuwa unazungumza na nani, mwalimu?"

"Na ndege."

"Kwa Kimeru?"

"Ndiyo."

"Afadhali. Ningesikia Kiingereza ningeogopa." Alipumua kidogo. "Anajibu?"

"Hajibu. Anasikiliza."

Akafikiri. "Hata sisi tungekusikiliza," akasema, bila dhihaka, na dhihaka ingekuwa nafuu kwangu.

Kunguru, ambaye nilitumaini angeruka kwa heshima, aliokota ndizi yangu, akaila mbele yetu sote. Kisha akamwinamishia shemeji kichwa na kumtazama kwa jicho moja, vilevile kama alivyonitazama mimi miezi yote ile. Niliona aibu ya mtu aliyefumaniwa, na chini yake, nakiri, wivu.

"Kunguru hafugiki, shemeji," akasema yeye. Akaangalia lilipokuwa jua. "Kahawa yangu iko kwenye madebe."

Hivyo ndivyo nilivyojua alichokiacha.

Tulishuka. Mashine tuliipata giza likiingia, nyumba ya pili ilipomaliza. Niliomba kuzungusha mpini, wakaniachia, nikazungusha hadi viganja vikatoka malengelenge, na dada akimimina madebe bila kunitazama. Debe la kwanza lilinukia kahawa. La mwisho lilinukia mbege, pombe ya ndizi. Nilisema ada nitalipa mimi. Dada alisema, "Wewe zungusha."

Kahawa ilioshwa, ikaanikwa, na Jumamosi zilizofuata nilikaa na dada kwenye chanja tukichambua punje zilizobadilika rangi. Mlima ulikuwa wazi kabisa siku hizo.

Siku ya kuipeleka kwenye ghala la ushirika nilikwenda na shemeji. Mpokeaji alichota konzi moja, akaipeleka puani, akainusa tena, akaandika daraja la pili. Shemeji alitikisa kichwa kama mtu anayekubali hali ya hewa. Kabla hatujatoka kwenye foleni alikwisha kuamua mbuzi gani watauzwa ili binti aende shule.

"Ninyi kahawa yenu haijawahi kushuka," mtu wa nyuma yetu akamwambia. "Kulikoni?"

"Ililala. Tulikuwa juu, shemeji wangu huyu alipotelewa na ng'ombe."

"Poleni. Mlimpata?"

"Tulimpata."

"Yupi, yule mtamba mwekundu?"

"Hapana," akasema shemeji, uso haukucheza. "Mweusi. Ana baka jeupe kisogoni."

Yule mtu akanipa mkono, akanipongeza kwa kupewa majirani wa namna hiyo. Nilisema asante. Nikainama, nikashika ncha mbili za gunia lililobaki, na shemeji akashika zile nyingine.