Ruhusa Ambayo Bi Freda Hakuitaka

Bi Freda Entwistle ana miaka themanini na miwili, na kila siku inayokucha, iwe mvua iwe barafu, huvaa gambuti zake za kijani akatoka kutembea. Haendi mbali. Anatoka nyumba ya mwisho katika safu yetu ya nyumba saba, anapanda mawe manne yaliyochomoza ukutani, anashukia upande wa pili, kisha anakata malisho ya kondoo kwa mshazari mpaka daraja la mfereji. Hapo anageuka kushoto na kufuata ukingo wa maji hadi kwenye malango yanayopandisha mashua, anapita nyuma ya kanisa, anarudi nyumbani kunywa chai. Zamani mzunguko huo ulimchukua saa moja na robo. Siku hizi, kwa ile nyonga yake mbovu, unamchukua karibu saa mbili.

Nilipohamia nyumba ya pili yake nilikuwa na mimba ya Seth na sikumjua mtu hapa Lumbfoot. Asubuhi moja ya Februari akagonga dirisha langu kwa fimbo.

"We mwanangu, utakaa humo ndani mpaka uote ukungu? Toka! Maua yamechomoza chini ya ukuta."

Nikatoka na viatu vya ndani. Akaviangalia, akacheka, akaingia kwake akaniletea gambuti za marehemu mumewe, Wilf. Nilijaza soksi mbili mbili ndipo zikanikaa.

Mwaka mzima alinitembeza hivyo. Aprili wanakondoo wakiwa bado na kitovu kikavu kinaning'inia. Mei ile miti ya miiba inapojaa maua meupe mpaka matawi yanainama. Maua hayo, alisema, hayaingizwi ndani ya nyumba hata kidogo, yanaleta kifo. Agosti matunda meusi ya miibani, yanayotia wino vidoleni na kinywani. Mwisho wa Septemba tukaacha kuyachuma, maana Shetani huyatemea mate, na Bi Freda, asiyeingia kanisani ila siku ya mazishi, kwa hilo hana mzaha. Seth alizaliwa Juni. Desemba alikuwa kifuani mwangu ndani ya koti, akisikiliza barafu ya mfereji inavyolia mashua ikiipasua.

Njia ile ndiyo iliyompeleka Bi Freda kiwandani, ng'ambo ya mfereji, alikofuma mazulia miaka thelathini na mmoja. Ndiyo inayotupeleka sote dukani na kwa daktari. Ukiikosa, unabaki na barabara kuu, isiyo na pembeni pa kukanyaga, na malori ya machimbo ya mawe yanashuka kilima kama yamefungua breki. Bi Freda na nyonga ile hawezi kuruka mtaroni kila lori likija. Asipopita shambani, basi atakaa ndani. Na mimi namjua, akikaa ndani mwaka hamalizi.

Mzee Clegg mwenye shamba alipokufa, shamba likanunuliwa na Bwana Rupert Haydock. Si mtu mbaya wa sura, mrefu, anazungumza polepole kama anayekuwekea mto chini ya kichwa. Alitaka kujenga vibanda vya wageni wa likizo juu ya mfereji, na sisi na mbwa wetu tulikuwa tunapita katikati ya mandhari yake. Wiki ya tatu akafunga waya wa miiba juu ya yale mawe manne.

Bi Freda aliupanda hivyo hivyo. Akarudi na sketi imechanika na damu gotini, akapanda basi kwenda halmashauri kutazama ramani ya njia za umma. Yetu haikuwamo.

"Haimo kwa sababu hakuna aliyewahi kutuzuia," aliniambia. "Nani anakwenda kuandikisha mlango wa jikoni kwake?"

Kwetu sheria iko hivi: watu wakipita mahali miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kupewa ruhusa, njia inakuwa ya watu. Waweza kuomba iandikwe kwenye ramani. Bi Freda akaomba. Halmashauri ikaamuru waya utolewe mpaka shauri lisikilizwe, naye akazunguka nyumba hadi nyumba na fomu, kila mtu aandike amepita tangu lini.

Hapo Bwana Haydock akageuza mchezo. Waya ukatoka. Kando ya yale mawe likajengwa lango zuri la mbao, pana, lenye kufuli. Jumamosi akapita yeye mwenyewe akigonga milango, na kila nyumba iliyomfungulia akaipa ufunguo wenye utepe wa buluu, biskuti za tangawizi ndani ya boksi, na karatasi moja ya kusaini kwamba umepokea.

Mimi nilisaini. Nisifiche. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinua kigari cha mtoto juu ya ukuta kila siku, na mimi karatasi ndefu sizisomi, natafuta tu mahali pa kuweka jina. Bwana Haydock akamtekenya Seth kidevu, akasema, "Sasa mama hatahangaika tena." Machozi yalinilengalenga.

Jioni nikampelekea Bi Freda biskuti mbili. Ufunguo ulikuwa mkononi, utepe unaning'inia.

"Umesaini?"

"Nimesaini, Bi Freda. Ni wa lango tu."

"Ulisoma?"

"Juu juu."

"Nenda kaisome chini."

Nakala yangu ilikuwa juu ya friji. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Nashukuru kwa ruhusa ya kupita ambayo nimepewa na wenye shamba, sasa na tangu zamani.*

Nilirudi kwake na ile karatasi, nikamsomea. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na gambuti bado miguuni, mikono juu ya magoti, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona amezeeka.

"Tangu zamani," akasema. "Miaka sitini nimepita pale, leo naambiwa nilikuwa mgeni wake. Na yeye hakuwa hata amezaliwa."

"Lakini ametuachia tupite."

"Mwanangu, anayekuachia leo kesho hakuachii. Ruhusa inatoka mfukoni kwa mtu na inarudi humo humo. Mimi sitaki kitu kinachokaa katika mfuko wa Haydock."

Nyumba nne kati ya saba zilikuwa zimesaini. Clive wa namba tatu, fundi bomba, yeye alikula biskuti zote na hakusaini. "Nilikuwa na mafuta mikononi," alisema. "Uchafu nao una siku yake."

Tangu siku hiyo tukaona kituko. Lango pana, limepakwa rangi, na kando yake kikongwe cha miaka themanini na miwili kinapanda ukuta, jiwe la kwanza, pumzi, jiwe la pili, pumzi. Mimi nikawa nyuma yake na kigari. Ufunguo niliutupia kwenye sanduku la barua la Bwana Haydock bila kuandika neno. Siku akipita na mbwa wake alikuwa anatuvulia kofia.

"Bi Freda, lango nimeshalifungua. Karibuni, piteni tu."

"Sikusikia!" Bi Freda anapaza sauti, naye anasikia hata panya akipiga chafya.

"Nasema karibuni!"

"Bado sikusikii!"

Kisha ananinong'oneza: "Usimjibu. Usiseme asante. Hata kichwa usitikise."

"Hata salamu, Bi Freda?"

"Msalimie ukikutana naye dukani. Hapa hapana."

Clive akiwa kibarazani hujishika mbavu. "Bibie, utavunjika kiuno, halafu Haydock akupe ruhusa ya kubebwa!"

"Nikivunjika nitatambaa. Wewe shika kigari cha mtoto, acha maneno."

Na Clive anakuja kukishika.

Shauri likasikilizwa Mei katika ukumbi wa kanisa. Mkaguzi aliyetumwa na serikali kuamua shauri alikuwa mama mfupi aliyekuja na viatu vyake vya matope kwenye mfuko, na asubuhi ile ile alikuwa ameshaipita njia yote peke yake. Bwana Haydock alileta wakili. Sisi tulileta Bi Freda, aliyevaa kofia ya mazishi.

Wakili alikuwa na adabu. "Bi Entwistle, mzee Clegg alikuona ukipita?"

"Kila siku. Hakuwa kipofu."

"Alifanya nini akikuona?"

"Alipunga mkono."

"Kwa hiyo alikubali upite. Alikuruhusu."

Bi Freda alimtazama kama mtu anayetazama shati lililofungwa vifungo vibaya. "Wewe bwana, asubuhi umeniambia habari za asubuhi hapo mlangoni. Ina maana ndiwe umeniruhusu niingie?"

Watu wakacheka. Mkaguzi akainamisha uso juu ya karatasi zake, lakini mabega yalimcheza.

Wakili hakucheka. Akatoa zile karatasi nne, akaziweka mezani moja moja. Majirani wenyewe, akasema, wamekiri kwa mkono wao kwamba walikuwa na ruhusa tangu zamani. Akasoma majina. La tatu lilikuwa langu.

Nikamwona Bi Freda ameinama. Hakunitazama. Angeweza kunitazama, wala nisingemlaumu, ila alikaa vile vile akiangalia vidole vyake. Mkaguzi akauliza kama kuna aliyesaini ambaye yumo ukumbini. Watatu wengine hawakuja. Wawili walisema wana kazi, mmoja alisema hapendi ugomvi.

Nikasimama. Seth alikuwa amelala begani, mate yake yamenilowesha shingo. Sijawahi kusema mbele ya watu tangu shule, na shule sikukaa sana.

"Nilisaini mimi," nikasema. "Sikusoma. Maneno yale si ya kweli. Mwaka mzima nimepita pale kabla ya hilo lango, na hakuna mtu aliyeniruhusu. Bi Freda alinigongea dirisha tukaenda. Hatukumwomba mtu, kwa sababu hakukuwa na wa kumwomba."

"Ulipewa nini uliposaini?" mkaguzi akauliza.

"Ufunguo na biskuti."

"Na ufunguo uko wapi?"

"Nilimrudishia. Biskuti nilikula."

Clive akapiga meza. Mkaguzi akamwambia akitaka kupiga kitu akapige nje. Lakini aliandika, niliona aliandika mistari mingi. Nilipokaa, mkono wa Bi Freda, mgumu kama ngozi ya kiatu, ukaja juu ya goti langu ukakaa hapo.

Majira yote ya joto tulingoja, na tulipita kila siku. Majani yakafika kiunoni. Bi Freda alibeba mkasi wa kukatia miiba, akikata kidogo hapa, kidogo pale, asije mtu akasema njia imekufa kwa kutokanyagwa. Homa ilipomshika wiki moja ya Julai, alinituma mimi. Nikirudi ananiuliza nimekutana na nani, kondoo wamelala upande gani, maji ya mfereji yamepungua kiasi gani. Nilidhani ananipima kama kweli nimekwenda. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anatembea.

Barua ilikuja Oktoba. Nilimsomea mezani kwake, neno kwa neno mara hii, hadi herufi ndogo. Mkaguzi alisema njia ni ya watu. Alisema kupunga mkono si ruhusa, na karatasi iliyosainiwa jana haiwezi kubadili miaka iliyopita. Itaandikwa kwenye ramani, kutoka mawe manne mpaka darajani, upana wake mita moja na nusu.

Mimi nililia. Bi Freda akaigeuza barua upande wa pili.

"Mita moja na nusu?"

"Bi Freda, tumeshinda!"

"Nimesikia. Mita moja na nusu ni ya mtu na mbwa wake. Mimi na Wilf tulipita pale wawili, tumeshikana mikono, tangu tukiwa wachumba. Nani alitembea nyuma? Mimi sikutembea nyuma, wala yeye." Akavuta kalamu kutoka kwenye kikombe cha kalamu. "Inasema mtu akiwa na pingamizi aandike ndani ya siku ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Andika wewe, una mwandiko mzuri. Mita mbili."

Niliandika. Tukaifunga barua, tukaweka stempu, na tukaenda kuitia kwenye sanduku lililo ng'ambo ya mfereji. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Seth, ambaye sasa anatembea, alitangulia mbele akianguka na kuinuka. Nilitaka kumfuata Bi Freda nyuma, kama ilivyo desturi yangu, akanishika mkono akanivuta ubavuni kwake. Malisho yote tuliyakata bega kwa bega, gambuti yangu ya kulia imo ndani ya majani ya Bwana Haydock, na kila nilipojaribu kuisogeza, alinikaza mkono.