Mkono Mmoja Juu

Jumanne, wiki ya mwisho ya Machi. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika, kisha jua likatoka kali na matope yakaanza kutoa mvuke.

Leo nimekwenda kwa chifu kusaidia polisi kujifunza. Naona haya kuandika hivyo, mimi fundi wa sufuria niliyeishia darasa la saba, lakini ndivyo tulivyoambiwa: wananchi waje wawe wananchi, maafande wafanye mazoezi ya kukamata mtu bila kumuumiza. Mke wangu alinifuata. Alisema haniamini mbele ya polisi. Nadhani alitaka kusema hawaamini polisi.

Mkono wangu wa kushoto haupiti bega tangu siku ile ya maandamano, polisi walipoingia sokoni na mmoja akaupiga rungu nikifunga kibanda. Niseme yote: nilikuwa nimeshika nyundo. Huenda aliogopa. Tena alikuwa anakimbia, na hata mimi nikikimbia sioni vizuri. Daktari alisema ukipigwa tena pale pale, niage ufundi. Kwa hivyo nilipanga kukaa nyuma kabisa.

Mkufunzi alichelewa, barabara ya Ahero ilikuwa imejaa maji. Alipofika akanichagua mimi, eti naonekana mpole. Mbele yangu akasimama afande msichana, ngao mkononi, rungu la kweli, kofia imemzidi kichwa.

"Mikono juu!"

Nikainua wa kulia.

"Yote miwili!"

"Afande, huu mwingine hauendi."

Akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akasema, "Mikono miwili ni utiifu. Mmoja ni ukaidi. Ukaidi tunafanyaje?"

"Rungu, bwana. Kwenye nyama, si kwenye mfupa."

"Vizuri."

Jasho lilinitoka. Watu wa soko waliokuja kutazama nao hawakunyamaza.

"Omera, ndugu yangu, inua tu, tuna kazi!"

"Yawa! Si nyinyi polisi mliuvunja? Sasa mnautakia nini?"

Mke wangu akaingia uwanjani, akaushika mkono wangu mbovu na kuupandisha. Nikapiga kelele. "Haya, uko juu," akasema. "Mkamateni."

"Mama, wewe sasa ni mtu wa pili," mkufunzi akasema. "Unamsaidia mtuhumiwa kukaidi."

"Namsaidia kutii!"

Mkufunzi akajikuna shingo. Si mtu mbaya, niliona. Ni vile somo lake halikuwa na nafasi ya mke wa mtu. Akaamua turudie, mke wangu awe jirani asiyehusika.

"Miaka yote hii nampikia, leo mimi ni jirani?"

Tukarudia. Tukafika pale pale pa rungu. Tukarudia tena, na safari hii afande akainua rungu juu kabisa. Nikafumba macho. Sijui kama nilisali au nilitukana.

Nilipofumbua, rungu lilikuwa chini kwenye matope, na ngao kando yake.

"Mzee, uliumia wapi?"

"Hapo tu sokoni, afande."

Akautazama ule mkono. "Basi geuka polepole. Nitakushika huu mzima."

Akanifunga pingu upande mmoja kwenye mkono mzima, upande wa pili akaushika mwenyewe, tukatembea hivyo mpaka kwenye gari la polisi kama watu wanaotoka harusini. Soko zima likapiga makofi.

Mkufunzi akamwambia ameanguka mtihani. Ameweka silaha chini mbele ya mtuhumiwa. Na kweli aliiweka, siwezi kumsingizia mkufunzi.

"Lakini bwana," nikasema, "si nimekamatwa?"

"Umekamatwa vibaya."

Waliofaulu ni wale maafande wengine waliopewa gunia la mchanga badala ya mtu, wakalipiga mahali panapofaa.

Tukiondoka, afande alitukimbilia. Atarudia mtihani wiki ijayo, akaomba nije mimi tena. Nikakubali kabla sijafikiri. Sijui bado kama ule ni ujasiri au ujinga. Lakini mtu mwingine akisimama pale, huenda akawa na mikono yote mizima, na yule msichana atajifunza nini?

Nyumbani mke wangu alinikanda bega na maji ya moto. Tukala ugali, dagaa wa omena wa kukaanga, na mboga ya osuga iliyolala kwenye maziwa.