Mgonjwa Ambaye Hajaulizwa

Ofisini walimwita Mama Pole, kwa kuwa alikagua kila mstari wa programu kana kwamba anachambua mchele. Siku hiyo aliomba ruhusa ampeleke mama yake zahanati, na katika chumba cha sindano akaiona kazi ya ofisi yao kwenye skrini ya muuguzi: jina la mama, umri, na chini yake, "Mzio wa dawa: Hana."

"Mama, walikuuliza habari za mzio?"

"Nani aniulize, mwanangu? Walitaka jina na simu tu."

Muuguzi alikuwa ameshaivuta dawa ndani ya bomba.

"Dada, subiri! Hiyo si penisilini? Ikimwingia tu, koo linavimba."

Muuguzi akaduwaa, akaitazama skrini, akaiweka sindano kwenye trei. "Mimi nimesoma kilichoandikwa hapa."

Mama Pole akaisoma tena ile "Hana." Alimjua mwenye mkono huo. Programu ilikuwa ikizimika kila ilipokuta nafasi isiyojazwa, maana iliamriwa ichukue jibu bila kutazama kwanza kama lipo. Mwezi uliopita mwenzake, waliyemwita Chapchap, alitangaza kwamba ameitibu.

Aliporudi ofisini, alimkuta mezani anatafuna kuku, mafuta yameganda kwenye vitufe vya kompyuta.

"Pasipo na jibu uliweka nini?"

"Hana. Si ilikuwa inazimika? Sasa haizimiki. Watu hamna shukrani!"

"Umemjibia mtu ambaye hajaulizwa."

"Wengi hawana mzio, Mama Pole."

"Mama yangu anao. Leo nusura wamuue."

Chapchap aliacha kutafuna, kidogo tu. Akajifuta vidole kwenye suruali. "Lakini si mzima?"

Mama Pole akamgeuzia mgongo. Mkuu wao, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alikohoa. "Wateja wameridhika. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe hili lina sumu, bosi."

Alikifuta kiti kwa kitambaa, akaketi. Akaiandika upya sehemu ile: programu itazame kwanza, jibu likiwapo, lionyeshwe, lisipokuwapo, skrini iseme "Hajaulizwa" na isimruhusu muuguzi kuendelea mpaka aulize. Hilo halikumchukua muda. Uchafu ulikuwa kwenye kumbukumbu: kila "Hana" ya uongo ilikuwa imehifadhiwa pamoja na za kweli, zote sura moja.

"Nafuta zote za tangu mwezi uliopita," alisema. "Waulizwe upya."

"Hata waliojibu wenyewe?" mkuu alimaka. "Zahanati watatutukana!"

"Watutukane. Mtu akishakojoa kisimani, bosi, utayachuja maji yapi?"

Chapchap alicheka, mfupa mdomoni. Mkuu alitazama sakafu, kisha akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Mama Pole akafuta. Ndipo akampigia simu yule muuguzi, amweleze kwa nini kuanzia sasa skrini yake itakiri kwamba haijui.