Miezi Mitatu Bila Kupiga Magoti

Nilifika hospitali ya Sumbawanga nimelazwa juu ya mlango wa choo, na hadi leo wenzangu wa mtaa wa Majengo hawajaacha kunitania. Wanitanie tu. Mlango ule ndio uliookoa miguu yangu.

Nilikuwa nimeshuka bondeni Ilemba kununua mpunga. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, na sina subira na wapakiaji wanaopiga soga gunia likiwa begani. Kwa hiyo nikapanda mwenyewe juu ya lori kuwaonyesha kazi inavyofanywa. Nikawaonyesha kweli! Gunia liliteleza, nami nikaenda nalo hadi chini, nikafikia makalio. Maumivu yalinipanda mgongoni hadi pumzi ikakata.

Watu walikuja mbio wakanishika makwapa ili wanikalishe, maana kwetu aliyeanguka huinuliwa kwanza, pole hufuata baadaye.

"Msimwinue!" alifoka mfugaji mmoja Msukuma, jirani wa mwenye mpunga. "Huo ni mgongo. Mkimkunja mtamharibu."

Aling'oa mlango wa choo chake, akamweka mtu mmoja ashike kichwa changu kisicheze. Wengine wakanigeuza kwa pamoja, mwili mzima kama gogo, wakanifunga mlangoni kwa khanga zangu mwenyewe. Nikapandishwa mlima hivyo hivyo, nikimtukana dereva kila kona.

Daktari alikuwa kijana, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alinichoma nyayo kwa kitu chenye ncha.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia, na ukirudia nitakupiga teke."

"Hilo teke ndilo ninalolitafuta," akasema, akacheka.

Baada ya picha alinieleza taratibu. Pingili moja ya mgongo, pale juu kidogo ya kiuno, ilikuwa imebonyea upande wa mbele. Upande wa nyuma, unaokinga mishipa ya fahamu, ulikuwa bado umesimama. Ungevunjika na huo, au miguu ingekufa ganzi, ningepelekwa kufungwa vyuma. Sasa ningelala chali, nigeuzwe na watu, kisha nivae mkanda mgumu kuanzia kifuani hadi nyongani. Miezi mitatu nisiiname.

"Kisha nitakuwa mzima?"

"Mfupa utaunga. Lakini misuli itakuwa imelala. Siku utakayoshuka chini na kuinuka bila kushikwa, hapo nitakuambia umepona."

Nilicheka, kisha nikalia. Kushuka chini na kuinuka ndiyo kazi niliyoinung'unikia miaka thelathini ya ndoa. Sisi Wafipa mkwe hasalimiwi kwa kusimama. Unapiga magoti, unainama, unapiga makofi taratibu, unasubiri uitikiwe. Na mama mkwe wangu, mwanamke mkali asiyejua kucheka ovyo, hakuwahi kuwa na haraka ya kuitikia. Nilikuwa nikimwambia mume wangu kwamba magoti yangu yamekwisha kwa ajili ya mama yake.

Alikuja kutoka kijijini na kikapu cha maharage siku ya tatu baada ya mimi kurudishwa nyumbani. Nilikuwa nimelala chali, naona paa tu. Niliona aibu ajabu, nikataka kujigeuza. Akanikandamiza bega.

"Tulia wewe."

"Shikamoo, mama."

Aliketi, akaanza kuchambua maharage.

"Mama, nimekuamkia."

"Nimesikia. Hiyo haijafika chini. Nitaitikia ikifika."

Nilikasirika, jamani! Kila wiki alikuja, akanigeuza kwa mikono yake, akanipaka mafuta mgongoni nisitoke vidonda, akanilisha. Na kila wiki nilimwamkia, asiitikie. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake hana moyo hata kwa mgonjwa. Mume wangu akaangalia pembeni.

Mwezi wa tatu ulipokwisha mkanda ukavuliwa, na miguu ikanitetemeka. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha upya: usikunje kiuno, kunja magoti, mgongo ubaki wima, mguu mmoja utangulie. Nilishika kiti, kisha ukuta. Wiki nzima nilishuka nusu tu nikarudi. Niliogopa kwamba nikifika chini nitabaki huko, niokotwe kama mzigo maisha yangu yote.

Mama mkwe alifika asubuhi moja nikiwa nafagia uani kwa fagio la mpini mrefu. Alisimama na kikapu chake akiniangalia. Nikaweka fagio ukutani, nikatanguliza mguu mmoja, nikashuka. Goti likagusa udongo, kisha la pili. Nikapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, mama."

Bado hakuitikia. Mume wangu akatoka mlangoni mbio anishike, mama yake akamzuia kwa mkono. Nikakanyaga kwa mguu mmoja, nikaweka viganja pajani, nikajisukuma. Paja likatetemeka. Nikasimama.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba. Marahaba." Machozi yalimtiririka, akaacha yatiririke. Nikaelewa alichokuwa akikisubiri miezi yote ile, nikajionea haya kwa niliyomsema.

Akajipangusa kwa ncha ya khanga, akarudi kuwa mkali.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mimi, mnung'unikaji wa miaka thelathini, nilipiga magoti mara tatu asubuhi ile, na ile ya tatu hakuna aliyeniambia.