Pointi Tatu za Mwenyeji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa sifa, kama wanavyosifiwa wanaume waliotulia. Sipendi kutoka, basi. Cherehani yangu ipo sebuleni, wateja wananifuata hapa hapa Rau, na duka la mangi lipo hatua arobaini kutoka mlangoni. Nimezihesabu kwa sababu kila siku naziona nyingi. Mke wangu huwaambia watu kwamba alipoolewa alikabidhiwa kochi pamoja na mtu, na mpaka leo hajajua kochi linaishia wapi na mtu anaanzia wapi.

Kwa hiyo fantasi ilinikuta nimeshakaa. Ni mchezo wa kwenye simu: unachagua wachezaji kumi na watano wa ligi ya Uingereza, kumi na mmoja unawapanga, wanne unawaweka benchi. Wakifunga, wewe unapata pointi. Wakiumia, unaumia wewe. Tulikuwa na kaligi ketu ka watu wanne, tukikutana wawili wawili kila wiki: mimi, mashemeji zangu wawili, na baba mkwe.

Baba mkwe anaishi Machame, juu mlimani, peke yake tangu mama mkwe alipofariki, na ng'ombe mmoja na migomba yake. Mwaka juzi mguu ulianza kumsumbua, akawa mtu wa barazani. Wanawe wakamnunulia simu kubwa na kumfundisha fantasi ili asichoke kukaa. Alipanga mabeki wengi kadiri mchezo unavyoruhusu. "Mshambuliaji ni mtu wa bahati," alisema, "beki ni mtu wa kazi." Wengine aliwachagua kwa sura. Kuna mmoja alikataa kumuuza hata alipovunjika mguu, kwa sababu ana uso wa mtu anayeamka kukamua.

Na alikuwa anatufunga.

Mwezi wa kumi wanawe waliitisha kikao kule juu kuhusu Krismasi. Kila mwaka sote hupanda Machame, na baba mkwe huchinja mbuzi, hukaa kwenye kigoda chake na kumkatia kila mtu fungu lake: kidari cha nani, mguu wa nani, ulimi wa nani. Hakosei, na hakuna mwingine anayeshika kisu. Lakini safari hii watoto waliona mguu wake haufai, njia inateleza, afadhali Krismasi iteremke ifanyike kwetu Rau, karibu na hospitali. Mimi niliunga mkono sana. Niliunga mkono nikiwa kwenye kochi, kwa sababu nilihudhuria kikao kwa simu iliyowekwa sauti ya juu.

"Shemeji, upo?" aliuliza shemeji mkubwa, mwalimu wa hesabu kule Sanya Juu.

"Nipo."

"Upo wapi?"

"Nyumbani."

Nikasikia watu wanacheka, na jogoo mmoja.

Baba mkwe alisema neno moja tu, kwamba mtu haendi nyumbani kwa mwenzake akasema amekwenda nyumbani. Mabishano yakawa marefu, mpaka shemeji mdogo akatania: ligi iamue. Mzee akiongoza mpaka wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mbuzi anachinjwa Machame. Akipitwa, Rau. Alikuwa anasema kwa utani, lakini mzee alikuwa kileleni mwa ligi, na alikubali haraka kuliko alivyowahi kukubali dawa.

Hapo ndipo nikafungua mdomo. Sijui ni nini kinachomfanya mtu aliye mbali na watu ajione ana akili.

"Mpira wa kweli una nyumbani na ugenini," nikasema. "Mbona sisi hatuna? Tupokezane wenyeji, na mwenyeji aongezewe pointi tatu."

"Shemeji," alisema mwalimu kwa ile sauti anayowapa wanafunzi wa nyuma, "mchezaji akiwa kwenye uwanja wake, mashabiki wake, nyasi zake, faida ameshaipata. Akifunga, pointi umeshazipata. Wewe unaongezewa za nini? Za kukaa?"

"Kukaa nako kuna kazi yake."

"Basi na mimi nipewe za kulala," akadakia mdogo.

Mwalimu alikuwa sahihi, na nilijua. Ila nilikuwa nimeshapiga hesabu: mechi ya mwisho ya ligi yetu ilikuwa mimi na baba mkwe, na zamu ya uenyeji ingenifikia mimi.

Kisha baba mkwe akauliza, taratibu, "Sasa huyo mgeni ndiye asiyeongezewa? Mtu ametoka kwake, amepanda mlima wote huu?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, baba," nikamjibu, mjanja mimi.

Akasema, "Haya. Kama mgeni anakuja, mimi nimekubali."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yote mawili. Sikuyaelewa hata kwa moja.

Mwezi uliofuata ikafika zamu yangu ya kuwa ugenini kwake. Jumamosi hiyo nilikaa na simu yangu, nikapanga timu, nikanywa chai, nikafungwa vizuri tu. Jioni mke wangu akapigiwa simu na baba yake. Alirudi sebuleni akasimama kati yangu na televisheni.

"Mbona hukwenda?"

"Wapi?"

"Ugenini."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba amepika mtori wa ndizi tangu asubuhi. Amevaa koti tangu saa nane anaangalia njia. Anauliza kama mgeni wake amepata tatizo."

Nilitaka kueleza kwamba ugenini ni neno tu, kwamba mambo yote yanaishia kwenye simu, kwamba hakuna mtu duniani anayesafiri kwenda kucheza fantasi. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kumwona yule mzee na sufuria yake. Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtori umepoa," akasema. "Lakini si neno. Nimeupasha, nimekula mimi na jirani."

Pointi zake tatu za mwenyeji hakuzitaja kabisa.

Mnaweza kudhani kwamba baada ya hapo nilipanda Machame kumwomba radhi. Nilipanga kupanda. Nilipanga kila wiki, na kila wiki kulikuwa na suruali ya mtu ya kupunguza.

Desemba ikaingia. Mzee alikuwa anaongoza, mimi namfuata, na mechi ya mwisho ilikuwa kati yetu, nyumbani kwangu. Sare au ushindi ungempa Krismasi yake. Akifungwa, nampita. Jumamosi ile, saa tano asubuhi, nilisikia bodaboda inazima nje. Nikachungulia dirishani. Baba mkwe alikuwa anashushwa kama kioo, koti la kanisani, fimbo mkono mmoja, dumu la maziwa mkono wa pili, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma ya pikipiki.

"Hodi hapa," alisema. "Mgeni amefika."

Mke wangu alinitazama. Nimeoa miaka kumi na minne na sijawahi kutazamwa vile.

Tukamkalisha kwenye kochi, mahali pangu, ambapo hata mimi niliona panamfaa zaidi. Akatoa simu mfukoni, imefungwa kwenye leso. Akasema mguu haujambo, ingawa nilimwona akiushika kwa siri. Akasema pia, bila kumwambia mtu hasa, kwamba mbuzi wa Krismasi ameshamchagua, na kigoda amekipiga msumari mpya.

Basi nikaamua kufungwa. Niliingia chooni na simu, kabla muda wa kupanga timu haujafungwa saa nane. Nikamtoa mshambuliaji wangu mkali, nikamtupa benchi, na mahali pake nikamweka mchezaji ambaye dunia nzima ilijua anaumwa paja. Nilitoka chooni nimetulia kama mtu aliyetoa sadaka.

Mechi zote za wiki ile zilikuwa siku hiyo. Tulikula, tukaangalia, mabeki wa mzee wakafanya kazi. Mpaka usiku alikuwa na pointi arobaini na nane. Mimi thelathini na nne, na tatu zangu za mwenyeji, thelathini na saba. Alizisoma mara mbili, akaifunga simu kwenye leso.

"Umenikaribisha vizuri," aliniambia. "Na umefungwa vizuri."

Jirani yangu mwenye pikapu akampandisha Machame usiku ule ule, ng'ombe asikawie kukamuliwa asubuhi. Nililala nimejipenda.

Nilichosahau kinajulikana na kila mtoto anayecheza fantasi. Mchezaji uliyempanga asipoingia uwanjani kabisa, wiki ikifungwa mchezo wenyewe unamchukua mtu wa benchi na kumweka mahali pake. Huulizwi. Na yule mshambuliaji niliyemtupa benchi alikuwa amefunga mabao mawili. Pointi kumi na mbili.

Asubuhi ya Jumatatu mwalimu aliandika kwenye kundi letu la simu: "Shemeji 46 + 3 = 49. Baba 48. Hongera mwenyeji."

Nilimpigia kabla chai haijapoa. "Futa hizo tatu!"

"Sheria uliileta wewe."

"Basi ifutwe na mimi!"

"Shemeji, baba jana kanisani ameshawaambia watu ameshinda. Mimi ndiye nimempigia leo kumweleza. Unajua amesema nini? Amesema, tatu zile alizikubali mbele ya watu."

Siku hiyo nilipanda. Mimi, Jumatatu, na nguo za wateja zimelala kwenye cherehani. Njiani nilikumbuka isale, lile jani ambalo huku mtu akikuletea kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Mimi mtoto wa mjini, wazazi wangu walikuja Moshi kutafuta kazi, mambo ya isale nayajua kwa kusikia. Nikaliona kwenye uzio, nikachuma moja zuri, nikaingia nalo uani mikono miwili.

Alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda chenye msumari mpya. Alilitazama jani, akautazama uzio.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Hapo nje, baba."

"Kwenye uzio wangu." Akatikisa kichwa. "Unaniibia isale ili uniombe msamaha?"

Nilisimama pale na jani lake mkononi, sina pa kuliweka.

Alilipokea hata hivyo. Nikamweleza yote, mpaka ya chooni. Nikamwambia ushindi nimeuacha, Krismasi iwe hapa hapa, tusahau pointi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Jumamosi ulikuwa unanipa."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimeteremka na mguu huu kuja kucheza, wewe unanipa." Aliliweka jani kwenye mfuko wa shati. "Nimekusamehe. Isale haikataliwi. Lakini Krismasi ya kupewa siiweki kwenye kihamba changu, ardhi ya babu zangu. Tutaonana Rau."

Nilijaribu tena, na mke wangu akajaribu, na hata mwalimu, aliyekuwa sahihi tangu mwanzo, alijaribu. Ilikuwa kama kuusukuma mlima kwa mgongo.

Siku ya Krismasi aliteremka na mbuzi wake na lile koti; kigoda na kisu aliviacha Machame. Mashemeji wakachinja nyuma ya nyumba. Nyama ilipoiva ikaletwa mezani, vipande vikubwa vinatoa moshi, na watu wote, kwa mazoea, wakamgeukia yeye. Yeye alikuwa ameweka mikono magotini.

Mke wangu akanipa kisu. Ni kisu cha jikoni, butu, ninachokatia nyuzi cherehani inapogoma.

"Baba," nikasema, "tafadhali. Kata wewe."

"Mgeni hashiki kisu kwa mwenyeji."

"Basi niambie tu. Kidari ni cha nani?"

Akaangalia dirishani, upande wa mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa wote na mawingu.

"Uwanja wako," akasema.

Shemeji mdogo alikohoa ili asicheke. Nikachagua kipande kilichoonekana kikubwa, nikakisaga zaidi ya kukikata, nikamwekea baba mkwe kwenye sahani ya kwanza. Kutokana na macho ya mwalimu nilijua nimekosea, na kwamba nimekosea vibaya, kipande cha mtu mwingine kabisa.

Mzee alikitazama kidogo. Kisha akavuta sahani karibu, akala.